Kisu Ulichomtumia Baba

Sengerema,
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Luhende,

Habari za huko Ujerumani? Natumaini kifua kimepona na baridi haijaanza tena kukusumbua. Sisi tu wazima. Goti linamsumbua Mama asubuhi, ila jua likipanda anatembea vizuri na kutugombeza kama kawaida. Ng'ombe wamekonda kwa kiangazi, lakini maji bado yapo. Ningekupigia simu, ila kwenye simu wewe humwachi mtu amalize, na leo nataka nimalize.

Mzigo wako binamu Masele aliuleta Jumanne. Siku hizi daraja limefunguliwa, hakuna kungoja pantoni Busisi, alitoka Mabatini kule Mwanza asubuhi na chai akanywea kwetu. Sweta ya Mama imemtosha. Viatu vyangu umemnunulia mtu mwingine, maana miguu yangu unaijua.

Sasa kile kisu cha kukunja cha Baba. Alikigeuzageuza akauliza makali yako wapi, kwa sababu aliona mpini mtupu. Nikakaa nacho mimi kwanza. Ni kizito kuliko kinavyoonekana, na mpini ulikuwa unateleza kwa mafuta ya kiwandani. Nilitia ukucha kwenye ule mfereji mdogo wa bapa, nikavuta. Kigumu! Bapa likatoka polepole, halafu likalia ta! nikaruka. Kukifunga ndiko kulinitesa. Nilisukuma kwa kiganja kikagoma, nikasukuma tena kikagoma, hadi nilipokiona kile kipande cha chuma ndani ya mpini ambacho lazima ukisogeze kwa dole gumba. Na hilo dole gumba ndilo linalobaki njiani bapa likirudi! Nilikijaribu kwenye kamba ya katani, ikakatika kabla sijakaza mkono. Nakwambia kweli, nilikiogopa.

Nilimweleza Baba kwamba asipokisikia kikilia, basi hakijakaza. Akaitikia. Kosa langu ndilo hilo, Luhende. Mtu ambaye tunamwita mara tatu aje kula, mimi nikamwambia asikilize kisu.

Ijumaa akaamua kukata alama ya ukoo kwenye masikio ya ndama. Wako wawili, na ng'ombe wa jirani yetu Chenge wanachungwa pamoja na wetu, kwa hiyo ndama asiye na alama anaweza kuishia kwake bila mtu kuiba. Alama ile haikatwi na yeyote tu. Babu alimwachia Baba, na sote tunajua Baba anakutunzia wewe. Lakini mikono yake inatetemeka tangu mwaka jana, hilo hatukukuambia. Nilimwomba atumie wembe, akajibu kwamba mwanawe amemtumia kisu.

Chenge alimshika ndama wa kwanza kichwa, mimi nikashika miguu. Baba alikikunjua kisu taratibu, kwa adabu, kama anayefungua barua. Sikusikia ta. Nilimtazama Chenge, naye hakuwa na habari. Baba akashika sikio na kuweka ncha. Ndama akarusha kichwa, na nikaliona bapa linaanza kujikunja kwenye vidole vya Baba.

Niliachia miguu, nikamdaka Baba mkono na kupiga kelele, "Baba, acha!" Ndama alinipiga teke la paja, maumivu nikayasikia baadaye. Makali yalikuwa yameshafika kwenye kidole cha shahada. Yalichana ngozi tu, Mungu ni mwema.

Ila nilikuwa nimemfokea Baba mbele ya jirani. Baba alifuta damu kwenye shati, akakikunjua kisu hadi kikalia, akakiweka chini palepale zizini, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

Unajua maana yake. Kwetu kisu cha alama hakipitishwi mkono kwa mkono. Anayeacha kazi anakiweka chini, anayeipokea anakiokota, na yameisha. Nilisimama pale nikikitazama. Nikiokota, nakuchukulia nafasi yako. Nikiacha, namwacha mzee wetu amesimama mikono mitupu mbele ya mtu. Chenge naye akasema kwa upole, "Dada, huyu ndama anaumia shingo."

Nikaokota. Nilikata kama nilivyomwona Baba akikata tangu tukiwa wadogo, mkato mmoja juu na miwili chini, nikapaka majivu. Kwa ndama wa pili mkono ulikuwa umetulia. Baba aliyasogelea masikio akayatazama kwa karibu sana, akasema la kwanza limepinda kidogo. Kisha akaenda kunawa. Tangu siku hiyo hajakiulizia kisu.

Mama anakusalimu sana, na Masele pia. Shangazi Teodora anasema umeisahau njia ya kurudi. Mfikishie mkeo Queen salamu zangu, na Mungu awatangulie nyote wawili kila mtokapo na kila mrudipo.

Nimekuandikia mwenyewe ili usije ukayasikia kwa Chenge. Kama umeumia, niambie, nami nitakusikiliza hadi mwisho. Ila kisu sikirudishi, mdogo wangu. Na sitakudanganya kwamba nilikiokota kwa kulazimika tu, maana nilipokishika nilifurahi.

Dada yako akupendaye bila kupunguza hata kidogo,
Wilhelmina