Chai ya Mama Mwende

Machakos, Jumanne, Juni 2003

Nimechoka kabisa. Wiki ya tatu ya umisionari na Kikamba bado hakiingii kichwani. Mzee Mutiso, mwenzangu anayenifunza kazi, amenikataza Kiswahili hadi Jumapili. Ana miaka ishirini na moja, mimi kumi na tisa, lakini kanisani sote tunaitwa wazee. Wazee gani?

Leo tulimtembelea Mama Mwende kule Mwala. Alikimbia kwa jirani kuazima sukari, akatupikia chai. Kanisa letu limetukataza chai, na maneno ya kukataa kwa heshima sikuwa nayo. Nikasukuma kikombe tu.

Akaniuliza kwa Kiswahili, ili nisikose kuelewa: "Wewe kijana, unaogopa nimekuwekea kitu?"

Mutiso alicheka, akaeleza, akaomba maji. Mama hakucheka. Alienda kuimwaga nje, polepole.

Hata kulia siwezi, maana mwenzangu haruhusiwi kuniacha peke yangu. Nimejifungia chooni ndio niandike haya.

Uso ule wa Mama Mwende naujua. Siku niliyotoka nyumbani Bungoma, mamangu aliamka saa kumi alfajiri kunipikia chai. Nikaisukuma vilevile.