Kigoda Kilichogeuzwa

Jumamosi, mwisho wa Julai. Baridi, na mawingu yameukalia mtaa wetu wa Jericho tangu alfajiri. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinakataa kuandika.

Daktari ameshasema hana la kuongeza kwa moyo wangu. Basi niandike lile ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Katika duka letu, wakati wa sala ukiingia, tunageuza kigoda juu chini mlangoni. Hatufungi. Mtaa mzima unajua maana yake: mwenye duka anaswali, ngoja. Wasio Waislamu ndio wanaokiheshimu zaidi. Nilipoacha ualimu nikarithi duka hili, nilirithi na kigoda.

Alipozikwa mke wangu, Mwanaidi, niligeuza kigoda kama kawaida, nikaingia nyuma ya pazia, nikatandika msala. Midomo ikakataa. Nikakaa juu ya gunia la mchele mpaka ukapita muda wa kutosha kuswali, kisha nikatoka kuuza.

Hadi leo sijaswali tena.

Simaanishi kwamba nilimkana Mungu. Nilimngoja. Nilikaa kwenye lile giza lenye harufu ya sabuni na mafuta ya taa, nikisikiliza, na hapakuwa na mtu. Kufa hakunitishi sana. Kinachonitisha ni kufika huko nako nikute pazia na gunia.

Leo duka lilijaa tangu asubuhi, watu wakiwa na mishahara yao. Binti yangu Zulfa, ambaye sasa ndiye anayeliendesha, alikuwa akipima sukari huku akijibizana na kijana wa bodaboda aliyedai mizani yetu inaogopa wateja. Mimi nilikuwa nimelala kwenye godoro nyuma ya pazia. Kaunta siiwezi tena. Adhuhuri nikasikia kigoda kikigeuzwa. Zulfa akaingia, lakini hakutandika msala. Alikaa juu ya gunia, mahali pangu, akaziba uso kwa mikono.

Nilimuuliza kama anaumwa. Akatikisa kichwa. Akasema tangu nianze kuugua hawezi kuswali. Anasimama, na maneno hayaji.

"Wewe uliwezaje, Baba? Mama alipofariki hukukosa hata sala moja."

Uongo wangu ulikuwa ukimponda mbele ya macho yangu.

"Sikuweza, mwanangu. Nilikuwa nakaa hapo ulipokaa."

Akanitazama. Sikuona hasira usoni mwake, wala nafuu.

Nje foleni ilikuwa imeanza kuchoka. Mtu akagonga wavu wa kaunta kwa sarafu. Yule wa bodaboda akauliza kwa sauti kama Zulfa ameamua kumaliza sala za mwaka mzima leo, watu wakacheka. Kisha nikamsikia Mama Atieno, anayeuza mboga za sukuma wiki mkabala nasi na kuimba kwaya kanisani kwake kila Jumapili.

"We kijana, wacha kugonga. Si unaona watu wanaongea na Mungu?"

Sarafu ikanyamaza. Wote wakanyamaza. Mwisho wa mwezi, katikati ya mchana, foleni nzima ilisimama kimya kwa ajili ya sala isiyokuwepo.

Hapo ndipo nilipomhisi Yule niliyekuwa nikimngoja.

Sina maneno mazuri ya kueleza. Hapakuwa na mwanga. Nilijua tu kwamba mle ndani hatukuwa wawili tu, na nikaona aibu, kama mtu aliyekutwa amelala na kumbe mgeni ameshafika kitambo.

Nikamwomba Zulfa maji ya kutawadha. Akasema watu wanangoja.

"Ndiyo. Wanangoja tuswali."

Akaniosha miguu, ambayo imevimba siku hizi. Nikaswalisha nikiwa nimeketi kwenye gunia, yeye nyuma yangu. Katika sala yenyewe sikuhisi chochote ila kifua kikibana. Zulfa alilia mpaka mwisho. Sijui kama alimlilia Mungu au alinililia mimi.

Sasa magharibi inaingia. Kile kimya cha zamani kimerudi, na pumzi yangu ni fupi. Zulfa hajasema nami tangu mchana, ila chai ameniletea.

Kama ulikuwepo, Mola wangu, siku zote hizo nilizokaa juu ya gunia, mbona uliniacha nikae?

Kigoda kimegeuzwa. Namsikia Zulfa akichota maji. Sijui kama ni ya mtu mmoja au ya wawili.