Mbio za Kwenda kwa Mama Felista

Jumanne, 4 Juni 1974
Nimekimbia tena kabla ya kazi, kutoka Njoro hadi njia panda ya Kibosho. Kichomi. Nimesimama mara mbili nikijifanya nafunga kamba za raba. Wauza maziwa wameniona. Mmoja akapaza sauti, "Karani, umefumaniwa? Kimbia, mwenye mke yuko nyuma!" Hawajui ninakimbilia nini. Afadhali.

Ijumaa, 7 Juni
Kwa balozi wa nyumba kumi. Ahadi zinaongezeka. Kila mtu atatoa chochote nikifika parokiani Kibosho bila kutembea. Fedha zote zitakwenda kwa familia za wanakwaya waliokufa lori lao lilipopinduka mteremkoni. Nilipopendekeza mbio hizi, wote walitazamana. Dereva alikuwa Aloisi, mdogo wangu. Breki zilikatika. Polisi wamemwachia. Kijiji hakijamwachia.

Jumapili, 9 Juni
Nyumbani Kibosho. Aloisi hatoki. Anakaa nyuma ya zizi, hata kanisani haendi. Mama Felista, aliyezika mabinti wawili, amesema hataki hata senti iliyopita mikononi mwetu. Ana haki.

Nilitaka kuacha. Baba amekataa. Anataka nifike nikiwa na isale mkononi, nimpe mama yule mbele ya watu wote. Anayeletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Nimemwambia isale hupelekwa na wazee, nyumbani kwa mtu, baada ya mazungumzo.

"Nyumbani atatufungia mlango," amesema Baba. "Uwanjani atafunga nini?"

Nimekula ndizi bila kusikia ladha.

Alhamisi, 13 Juni
Kifundo cha mguu kimevimba. Nimefurahi. Kisha nimeona aibu. Nikiacha, waliofiwa watakosa mchango na Aloisi atabaki nyuma ya zizi. Nikikimbia, nitampelekea mama yule mtego.

Jioni uvimbe umepungua. Bahati yangu mbaya.

Jumamosi, 15 Juni
Nimefika. Sikutembea. Mlima ule hauna huruma. Akina mama walitoka migombani wakipiga vigelegele, nami nikazidi kujisikia mwizi.

Baba alikuwa amesimama langoni mwa parokia na isale. Ningeweza kumpita. Nimelichukua.

Mama Felista alikuwa mbele. Balozi alikuwa amembembeleza sana aje, kwa ajili ya wafiwa wenzake. Nilipomnyooshea jani, mikono yake ilibaki ndani ya khanga. Mzee mmoja akasema taratibu, "Mama, hilo ni isale." Akalipokea. Makofi.

Nimetapika nyuma ya kanisa. Walidhani ni uchovu.

Jumapili, 16 Juni
Mama Felista amekuja kwetu baada ya misa, kama inavyompasa aliyepokea isale. Amemwita Aloisi kwa jina na kumpa mkono. Ameletewa pombe ya mbege. Amegusisha kata mdomoni, hakumeza. Akaaga.

Aloisi amelala mchana kutwa. Usingizi wake wa kwanza tangu ajali. Baba anapiga mluzi akikata majani ya ng'ombe.

Nilimsindikiza mama yule hadi kwenye mfereji. Nilitaka kumwomba radhi kwa ajili ya jana. Lakini angelazimika kunipa na hiyo pia. Nikanyamaza. Amevuka peke yake, ameshika upindo wa khanga usilowe.