Jiwe la Matia

Jumamosi, 8 Desemba 2007
Hoteli nzima imesimama kututazama! Kanisa kuu la biskuti za tangawizi limeinuka pale mapokezi, limenipita kimo. Matao yamechongoka kama mikono inayosali, madirisha ni sukari ya rangi iliyoyeyushwa, kwenye kona majoka ya chokoleti yanatema mvua. Shefu wetu Mfaransa anasema ukilitazama kutoka juu ni msalaba uliolala. Nikamwambia najua, nimeshaingia la kweli. Mdomo huu! Enzi zangu za meli tulitia nanga Rouen, liliko hilo la kweli, nikanyimwa pasi ya kushuka. Nilichoona ni ncha ya mnara, nikimenya viazi.

Ijumaa, 14 Desemba
Ibada kwetu Al Barsha. Baada ya chai nikawahadithia kanisa kuu la Rouen — vikombe vikabaki mikononi! Nikarudia na jingine nililosikia kwa shefu: wachongaji wa zamani walichonga sanamu mpaka mgongoni, kule juu ambako anayeona ni Mungu peke yake. Hapo ningenyamaza. Nikaongeza: hata leo ukifiwa, mtu wako anachongewa jina kule. Tena fundi wao ni rafiki yangu!

Damaris, yaya wa villa moja Al Warqa, akainua kichwa. Mwanawe Matia alizikwa kwao Vihiga mwezi wa tatu. Kafeel, mwajiri anayemshikia pasipoti, hakumpa ruhusa ya kwenda. Tangu hapo haongei. Akauliza, "Brother Zadock, hata mtoto mdogo?"

Hata wa siku moja, nikasema. Nitampigia fundi kesho.

Akatabasamu. Sasa mimi ningefanyaje?

Jumatatu, 17 Desemba
Nimemwambia Nick, analala kitanda cha juu yangu. Nilidhani atacheka.

"Umeona ncha, umeuza jengo zima," akasema. Kisha: "Mwambie, au nitamwambia mimi."

Nitamwambia. Inshallah.

Jumatano, 19 Desemba
Idi. Damaris kaja hotelini na watoto wa madam. Akasimama mbele ya biskuti kama yuko madhabahuni. "Jina litakaa wapi hasa?"

Nikaonyesha kwa kidole! Nyuma ya mnara, juu ya joka. Akasimama kwa ncha za vidole aone. Nilitaka sakafu inimeze, lakini marumaru ile ya Italia, ingenitema.

Halafu akaniambia: nyumbani mama yake alikuwa ameshamwita fundi amjengee Matia msalaba wa saruji kabla ya Krismasi. Amemzuia. "Nimemwambia aache. Mtoto ana jiwe kubwa huko."

Kaburi la mtoto litabaki majani matupu. Kwa sababu ya mdomo wangu.

Nikaufungua niseme ukweli. Yakatoka maelezo ya joka.

Ijumaa, 21 Desemba
Ibada tena kwetu. Wako sebuleni wanaimba. Mimi nimejificha chumbani, eti nabadilisha shati. Nimeshabadilisha mawili. Damaris kanunua kadi ya simu, anampigia mama yake — mama anataka kunishukuru mwenyewe. Siku za kujenga msalaba kabla ya Krismasi bado zipo. Neno moja tu kwa yule mama na fundi anarudi kazini. Mimi niliyebishana na manahodha!

Nimejaribu mbele ya kioo: "Mama, mimi ni mwongo." Humu ndani linatoka vizuri.

Nyimbo zimekatika. Damaris anapaza sauti, "Haloo, mama? Subiri, anakuja!"

Nick kaja. Ameushikilia mlango wazi.