Mawese kwenye Bunduki

Anderlecht, Bruxelles
Jumanne jioni

Kwako yaya Victorine, dada yangu mkubwa mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili, kama vile ungekuwa umesimama hapa mlangoni na mfuko wako begani. Habari za Uvira? Miguu ya Mama inaendeleaje? Na shemeji yangu Mukendi, kikohozi kimemwachia, au bado anakataa kwenda hospitali na kusema ni vumbi tu? Wabusu watoto wote, hata yule mkubwa anayesema amezeeka kubusiwa.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimechagua kalamu badala ya kukutumia sauti kwenye simu, kwa sababu sauti yangu unaijua mno. Ungeisikia kabla ya kusikia maneno. Barua hii nampa Latifa, jirani yetu wa hapa, anayekwenda kwao Bujumbura kuwaona wazazi wake; atavuka mpaka akuletee. Naomba uisome peke yako kwanza. Usiisome mbele ya Mama.

Yaya, ndoa ni tamu. Nikiwa shuleni nilidhani wasichana waliokuwa wakiandika majina ya wachumba wao pembezoni mwa madaftari walikuwa wajinga, na sasa mimi mwenyewe naandika "Bienaimé" kwa kidole kwenye kioo cha bafuni kikiwa na mvuke. Asubuhi, kabla hajaenda kazini, ananiwekea viatu juu ya chuma kinachopasha nyumba joto, ili nikivivaa miguu isishtuke. Akirudi kutoka depo ya matunda anakofanya kazi, ananiletea chungwa moja ndani ya koti, siku zote moja, na ananimenyea yeye mwenyewe. Sijawahi kuona mwanaume mpole kama huyu. Ila hasemi. Anakula, anasifu chakula, anashukuru, kisha anakaa ananitazama na kutabasamu mpaka usingizi umchukue kwenye kiti. Namfunika blanketi, nabaki namtazama vilevile.

Tunakaa ghorofa ya tisa. Akishatoka, nyumba inabaki na mngurumo wa friji. Mama wa mlango wa pili namsalimu kila tukikutana kwenye lifti, naye anatikisa kichwa kama mtu anayefukuza inzi. Siku nikizidiwa napanda metro mpaka Matonge, mtaa wa Wakongomani, natembea barabara ya Chaussée de Wavre yote, nikijifanya nachagua vitenge, kumbe nasikiliza watu. Kuna mama mmoja anayeuza mihogo, huniita "mtoto wa Uvira". Akishaniita hivyo, naweza kurudi nyumbani.

Sasa kaa chini, yaya. Bienaimé amenunua bunduki.

Usitupe barua. Si bunduki ya vita vya leo. Ni ya zamani sana, ilitengenezwa hapahapa Ubelgiji, jeshi likaichoka likaiuza, ikapita mikononi mwa watu wengi mpaka ikamfikia. Hapa kuna watu wanaolenga shabaha kama vile wengine wanavyocheza mpira. Wana klabu, mtihani na kibali, na daktari lazima aseme una akili timamu. Bienaimé alipata kibali chake kabla hatujaoana. Aliileta imefungwa kwenye blanketi, imejaa grisi nyeusi ya miaka mingi, na nyumba nzima ikanuka gereji. Akaiweka kwenye kabati la chuma alilolifunga ukutani, chumbani kwetu, upande wangu wa kitanda, kwa sababu upande wake kuna dirisha.

Nilitaka kukataa, lakini nilishafundwa. Unajua siku ya kunifunda, Maman Viviane, mke wa mchungaji, alikusanya wamama wa kanisa hapa Anderlecht, kwa kuwa nyinyi mlikuwa mbali. Kila mmoja alitoa neno lake. Mmoja akasema kwamba kitu alicholeta mume nyumbani mwaka wa kwanza, mke asikitoe nje. Akisafishe, akipake mafuta, ndipo na yeye atakuwa ndani ya kitu hicho. Wamama wote wakaitikia kwamba ni kweli. Mimi nikaliweka moyoni. Wote walidhani wanaongea kuhusu redio, au pikipiki.

Jumamosi ya kwanza akanichukua klabuni, kwa furaha, kama mtu anayekwenda kumtambulisha mke. Ni jumba refu chini ya ardhi. Mkubwa wa pale, mzee mmoja Mbelgiji anayeitwa Monsieur Luc, alinipa mkono na kunivalisha vifuniko vya masikio yeye mwenyewe. Bienaimé akalala kifudifudi kwenye mkeka, akavuta pumzi, akapiga. Yaya, sijui nilifikaje chini ya benchi. Nilijikuta nimeng'ang'ania mguu wa benchi, gauni la kitenge limejaa vumbi, na Wabelgiji wamesimama wananitazama kwa adabu. Bienaimé alitoa risasi zote, akaiweka bunduki mezani, akaja kuketi sakafuni karibu nami. Hakuniuliza kitu. Garini pia hakuniuliza. Nami sikumwambia, nilikuwa nimemweleza tu kwamba kaka yetu Éliézer alikufa wakati wa vita. Sikumwambia jinsi wewe na mimi tulivyokuwa chini ya kitanda, Éliézer akatoka kumfuata mbuzi, tukasikia mlio mmoja, kisha tukasubiri wa pili, haukuja.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Lakini sikiliza jinsi mambo yalivyogeuka.

Jioni moja alitandaza plastiki juu ya meza ya kulia, akaanza kuusafisha mti wa bunduki, ile sehemu ya mbao anayoitenganisha na chuma. Chuma kilibaki kabatini. Nikakumbuka neno la wamama, nikaomba nimsaidie. Alifurahi kupita kiasi. Alinionyesha kutoa grisi kwa kitambaa, kisha kusugua kwa msasa kufuata mistari ya mbao, polepole, bila hasira. Palipobonyea tuliweka kitambaa kibichi na kupitisha pasi yangu ya moto, na mbao ikavimba ikarudi mahali pake. Ilikuwa kama kuponya mtu. Na yaya, mikono yake ilipokuwa na kazi, mdomo wake ulifunguka. Alinisimulia mji wa Baraka kwao, shamba la mama yake, njia waliyokimbia usiku na dada yake mgongoni, kambi ya Tanzania, mwalimu aliyewafundisha kuhesabu kwa maharage kisha wakayapika. Alicheka. Alinitania kwamba nasugua kama ninayemwosha mtoto wa watu. Kila jioni ilikuwa hivyo, nami mchana kutwa nilisubiri jioni. Nilimpenda upya, nakuapia.

Ni kwenye meza hiyo nilimwuliza kwa nini bunduki, kati ya vitu vyote vya Ulaya. Akasema bila kuinua macho, akiendelea kusugua:

"Utoto wangu wote nimesikia ile milio bila kujua itakuja lini. Nilitaka mara moja tu nijue mimi."

Nilichukua msasa mwingine.

Ilipobaki kupaka mafuta, nikaamua nimshangaze. Alikuwa kazini. Yeye alikuwa amesema tu kwamba mbao inahitaji mafuta, mengi, siku kwa siku. Donc, basi, nikafanya kama Mama anavyofanya kinu kipya: nikapasha mawese, yale mazuri ya Matonge, nikayapaka kwa kitambaa mpaka mbao ikashiba. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, nzuri ajabu. Kumbe mafuta wanayotumia hapa ni ya mbegu za kitani, yanayokauka na kuwa magumu kama ngozi. Mawese hayakauki. Bienaimé aliporudi aliishika, mkono wake ukateleza na kunata, akaunusa. Akakaa. Nikasubiri ukali wa kwanza wa ndoa yangu.

Akaniuliza kama nimeipikia na majani ya sombe au itakuja na samaki.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka naye, na kicheko changu kikageuka katikati kikawa kilio. Ndipo nikayatoa yote: benchi, kitanda, mbuzi, mlio mmoja. Nikamwambia kwamba kabati lile liko karibu na kichwa changu na silali. Alinishika, akasema bon, sawa, afadhali ningemwambia mapema. Jioni ileile akafunga kila kitu kwenye blanketi, mbao na chuma, akaipeleka klabuni. Bila ugomvi, bila uso mbaya. Alirudi akaning'olea kabati ukutani na kuziba matundu.

Hapo ningepaswa kumaliza barua kwa shangwe. Nimepata nilichokitaka. Nyumba inanuka sabuni tu.

Lakini, yaya, meza yetu imerudi kuwa ya kulia. Anakula, anasifu, anashukuru, analala kwenye kiti. Jumamosi anakwenda klabuni, sasa na Jumatano pia, kwa kuwa mbao lazima isuguliwe upya, naye Monsieur Luc anamsaidia. Najua wanaongea. Mikono yake ikiwa na kazi lazima aongee. Mimi natazama Anderlecht kutoka juu, magari na mvua, na kuwaonea wivu wanaume wawili wanaosugua mawese yangu. Nimewaandikia nyote nyumbani kwamba mume wangu haniachi hata dakika. Si uongo kwamba ananipenda. Ila saa nyingi za ndoa yangu niko na friji.

Kwa hiyo Jumapili, tukitoka kanisani, nimemwambia airudishe.

Alisimama njiani watu wakitupita. Aliniuliza mara mbili kama nimefikiri. Akaniuliza kama nitaweza kulala.

"Sijui," nikamwambia. "Lakini bila maneno yako silali pia. Kati ya woga huu na ule, nimechagua ule ambao wewe umo."

Jana imerudi. Kabati safari hii liko koridoni, karibu na makoti. Klabuni sitakwenda, na hakuniomba. Jana hiyohiyo tulitandaza plastiki, tukaanza kutoa uwekundu kwa maji ya moto na sabuni, naye akaendelea pale alipoishia: siku dada yake alipoanguka kutoka mgongoni mwake na hakulia. Usiku nilisikia kila mlango wa jengo ukifungwa. Sikulala, yaya. Asubuhi viatu vilikuwa na joto.

Mama asijue. Akiuliza tunafanya nini jioni, mwambie tunatengeneza mbao. Ni kweli tupu. Na wewe usinitukane kabla hujanijibu. Jumamosi mchana nikiwa peke yangu, kama umeme upo kwenu, nipigie hata bila habari yoyote.

Msalimie Mama miguu yote miwili, shemeji na kikohozi chake, na majirani wote wanaonikumbuka. Bienaimé anakuita shemeji mkubwa na anakutumia heshima zake. Mungu awalinde mlipo, atulinde na sisi huku juu.

Mdogo wako akupendaye,
Gracieuse