Kitufe Kilichofunikwa

Dada yangu mkaidi,

Mwanao amefika salama, na tayari ananikosoa kama wewe. Nilimwomba simu yoyote kuukuu nijaribie ile programu ya kuandikiana niliyoitengenezea familia, akanipa yako ya zamani, uliyomwachia majuzi.

Unajua ninavyowasema mafundi wenzangu wanaojaribu kazi zao kwenye simu mpya tu. Nimewaandikia makala nzima ya kuwasuta! Kumbe na mimi ni walewale. Kwenye kompyuta programu yangu inang'aa, kwenye simu yangu kubwa inateleza. Kwenye skrini yako ndogo, mtu akianza kuandika, kibodi inapanda na kukifunika kitufe cha kutuma.

Miezi minne nimeutangazia ukoo kwamba nimekuomba radhi humo kwenye programu kwa maneno ya siku ile ya kugawana vitu vya mama, nawe umeninyamazia kwa kiburi. Leo nimelikuta jibu lako limekwama palepale, halijatumwa: "Nilishakusamehe zamani, Domo. Njoo nyumbani."

Mwanao amecheka mpaka akatoa machozi. Mimi nimetoa machozi tu.

Kitufe nimekipandisha. Barua hii atakukabidhi yeye mlangoni. Ukimaliza kuisoma, tazama aliyesimama nyuma ya mwanao.

Mdogo wako,
Domo