Nahodha Anayejulia Watu Hali

Kaka,

Sisi wazima. Paka wako kazaa tena kabatini, juu ya mashati yako.

Ulisema sehemu ya pili ya ule mchezo wa kompyuta wa vyombo vya anga haina mfano, nikakubishia. Nimeucheza, nikaendeleza pale ulipoachia. Ulisema kweli. Mchezo unakumbuka kila ulilotenda katika sehemu ya kwanza, na nahodha asiyewasikiliza wenzake huishia kuwazika.

Wewe hukuzika hata mmoja. Hata yule daktari mzee wa chomboni, mwenye maneno kama redio, hana jipya la kuniambia. Uliyasikiliza yote!

Mama anapasuliwa Alhamisi. Simu ikilia anauliza, "Ni yeye?" Namwambia mtandao unakusumbua.

Jana kaniuliza mchezo wenyewe unahusu nini. Nikamjibu ni nahodha anayepita chumba kwa chumba kuwajulia watu hali. Akatabasamu. "Ndiyo maana anaupenda. Huyo ndiye mwanangu."

Nikatoka nje nikatema mate.

Mdogo wako, anayekusemea uongo.